Miti katika udongo wa kuazima

Haya ni maneno aliyoyasema ajenti wa kilimo mbele ya wanachama na wageni wetu kwenye mkutano mkuu, hapa Kabambare. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

  

Komite imeniomba niseme habari ya bustani yetu na ile miti ya matunda. Nitasema yaliyoota, nitasema yaliyokufa, halafu nitaomba jambo moja ambalo lazima tuliamue leo kabla ya kuachana. Naomba mnivumilie, maana sehemu ya makosa ni yangu mimi mwenyewe.

Wengi wenu mnakumbuka kile kipande cha shamba kilivyokuwa tulipokipata. Kilikuwa kimelimwa muhogo mwaka baada ya mwaka, hakijapumzika. Majani yake yalikuwa membamba, udongo mgumu kama tofali. Mzee mwenye udongo alituazima kwa moyo mzuri, lakini hata yeye alisema, "Hapo hamutapata kitu." Tulianza wamama kumi na wanne, wapapa watano na mimi. Nusu ya wale wamama walikuwa wamerudi kutoka Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 vita vya kwanza vilipotusukuma ng'ambo ya ziwa. Wengine walikuwa wadeplase wa hapahapa, waliokimbia fujo za Salamabila wakarudi wakakuta nyumba haina paa.

Nataka kusema hili kwa wageni wetu: kazi yetu si salongo. Wazee hapa wanakumbuka salongo ya zamani za Mobutu. Ukikosa kwenda, unatozwa faini au unafungwa. Bustani hii mtu anakuja Jumatano na Jumamosi kwa hiari yake. Lakini hiari nayo ina bei yake. Mama mjane akija kwetu Jumatano, siku hiyo hakwenda kulima kwa watu apate muhogo wa jioni. Kwa hiyo tuliweka sheria: siku ya kazi ni siku ya kugawa. Hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ni fungu moja la lengalenga. Miezi miwili ya kwanza hatukuwa na kitu cha kugawa, watu wakapungua wakabaki tisa. Tulipoanza kugawa, walirudi. Mimi nilikuwa nimewaandalia hotuba ya moyo wa kujitolea. Haikuhitajika. Ilihitajika mboga.

Sasa niseme namna udongo ule ulivyopona, maana wengine mnataka kufanya hivyo nyuma ya nyumba zenu.

Hatukununua mbolea ya kiwandani. Watu wanadhani ni kwa sababu ya siasa ya kilimo-hai. Sababu ya kwanza ni barabara. Mbolea ile ikifika Kabambare imeshapanda lori, imeshapanda moto, imeshavuka mito, na bei imepanda pamoja nayo. Na mwaka utakaoikosa, mmea uliozoea kulishwa hivyo utakaa na njaa. Mavi ya mbuzi, majani na majivu havihitaji lori.

Lundo la mbolea tunalipanga hivi. Chagua kivuli, chini ya mgomba ni pazuri. Upana mita moja na nusu, urefu wa kwenda juu karibu vilevile. Chini kabisa weka mabua ya mahindi na vijiti, hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha majani mabichi, kisha mavi ya mbuzi au ya kuku, kisha majivu kidogo kama unavyotia chumvi, kisha udongo kidogo wa juu. Mwagia maji. Rudia mpaka lundo lifike kifuani. Kwa majani mabichi, yale ya maua ya manjano yanayofanana na alizeti, yanayoota kando ya njia, ndiyo mazuri kuliko yote. Yanaoza haraka na yana nguvu. Funika kwa majani ya ndizi. Halafu chomeka fimbo ndefu katikati.

Ile fimbo ndiyo daktari wako. Baada ya siku tano ichomoe, ishike. Ikiwa moto na ina unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikitoa harufu mbaya, maji yamezidi, lipindue lipate hewa. Baada ya wiki tatu lipindue lote, la nje liende ndani. Baada ya wiki tatu nyingine, tena. Kama miezi mitatu hivi utakuta kitu cheusi, chepesi, kinanukia kama msitu baada ya mvua. Kitu kimoja usikitie: mmea wenye ugonjwa. Muhogo wenye mozaiki, tomati iliyonyauka, hayo chomeni mbali au zikeni mbali.

Na tuliacha kuchoma majani ndani ya bustani. Hilo lilileta ugomvi, maana babu zetu walichoma. Lakini babu zetu walichoma, wakalima miaka miwili mitatu, wakaacha msitu urudi miaka mingi. Sisi hatuna pa kwenda. Ukichoma kila mwaka mahali pamoja, majivu yanakulisha msimu mmoja, kisha jua na mvua vinauchukua udongo. Sasa majani tunayakata na kuyalaza chini, kati ya mistari. Udongo unakaa baridi, na maji ya kumwagilia yanapungua.

Wadudu? Wapo. Viwavijeshi walioingia Afrika mwaka 2016 wanajulikana hapa sasa na kila mwenye mahindi. Tunapita asubuhi mapema, jua halijawa kali, tunafungua moyo wa mhindi na kuwatoa kwa mkono, tunaweka majivu kidogo mle ndani. Inachosha. Lakini kwa bustani ya ukubwa wetu inawezekana, watoto wanaifanya kama mchezo. Kwa vidukari kwenye shu na bilinganya tunapulizia maji ya sabuni yaliyotiwa pilipili. Kuna mama alileta ule mmea wa kulevya samaki mtoni, majani yake yanaua wadudu kweli. Tulikubali kwa masharti: usitumie karibu na maji yanayokwenda mto Luama, nawa mikono, na mboga isivunwe siku zile. Dawa ya shamba ni dawa. Kuipata porini hakuifanyi kuwa maziwa.

Mbegu tunatunza wenyewe. Lengalenga, bilinganya, pilipili, maharagi, karanga: tunaacha mimea mizuri kuliko yote ikomae, hiyo haiguswi hata kama njaa inauma. Tulipata kopo za mbegu za tomati zilizoandikwa F1, zikazaa vizuri sana mara ya kwanza. Tukatunza mbegu zake, mara ya pili kila mche ukatoa sura yake. Si uchawi, ndivyo mbegu hizo zilivyo. Hazirudii mama yao. Wageni wetu, mkileta mbegu, tuulizeni kwanza.

Mwaka wa pili mzee alipita akasimama kwenye mistari ya sombe na matembele, akachukua udongo mkononi. Akasema kwa Kibangubangu neno ambalo mama mmoja alinitafsiria: "Huu si udongo niliowapa." Tulicheka, tulifurahi. Mimi sikuelewa kwamba pale pale shida yetu ilikuwa imeanza.

Basi sasa miti.

Tulileta miche ya avoka, machungwa, mandarini, maembe na safu. Tulichimba mashimo mwezi mmoja kabla ya mvua, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu tukauweka kando, tukauchanganya na ndobo mbili za mbolea. Maembe mita kumi kati ya mti na mti, avoka mita nane, machungwa mita sita. Avoka hatukuweka bondeni, maji yakisimama mizizi yake inaoza. Katikati tukaweka mapapai na nanasi, maana papai linaweza kuzaa kabla mwaka haujazidi sana, wakati avoka uliopandikizwa unataka miaka mitatu minne, na ule wa mbegu tu unaweza kukungojesha hata saba. Mapapai tulitia matatu kwa shimo, yakachanua, tukang'oa madume.

Kila kitu kama kitabu kinavyosema. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuta miche yote ya mstari wa juu imeng'olewa. Haikuvunjwa, haikuibwa. Imelazwa vizuri kando ya shimo lake, mizizi imefunikwa na majani mabichi ili isikauke.

Watu walitaka kwenda kwa polisi. Nashukuru mama mmoja mzee aliyesema, "Mwizi hafuniki mizizi. Huyu anasema kitu." Tukaenda kwa mzee mwenye udongo. Hakukana. Alituketisha, akatupa kalanga, akatuuliza swali hili: "Muhogo munavuna, munaondoka. Ule muti ukikomaa, huu udongo utakuwa wa nani?"

Ndugu zangu, mimi nimesoma agronomia chuo kikuu miaka mitano. Hakuna mtihani ulioniuliza swali lile. Lakini kila mtu wa hapa alikuwa analijua jibu isipokuwa mimi. Hapa kwetu mtu akipanda mti wa kudumu, anatia alama. Miaka kumi baadaye mtoto wake anasema, baba alipanda avoka hii, basi hapa ni kwetu. Ndiyo maana mwenye udongo anamkubalia mgeni alime muhogo na mahindi, lakini mti anamkatalia. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sawa. Lakini kijijini ugomvi unaamuliwa na ukoo, na shefu, na nani alipanda nini.

Na kuna jambo la pili, chungu zaidi. Tulipougeuza ule udongo kuwa mweusi, tuliupandisha thamani. Udongo mbaya hakuna anayeugombania. Sisi tuliutibu kwa mikono yetu, na kwa kuutibu tukajitengenezea hatari ya kunyang'anywa. Watu wa mradi tunapenda kupiga foto ya kabla na baadaye. Hatuulizi baadaye ni ya nani.

Tulikaa na mzee siku nne. Tulikubaliana: mstari wa kwanza wa miti ni wake na watoto wake. Mistari mingine matunda ni ya chama, lakini mti si alama ya udongo. Chama kikiondoka, miti inabaki na mwenye udongo. Tulirudisha ile miche kwenye mashimo yake mchana ule ule, na mingi ilipona, kwa sababu yeye mwenyewe aliifunika mizizi.

Hapa ndipo kosa langu. Yale maneno hatukuyaandika. Mimi niliona aibu kumletea mzee karatasi baada ya kula kalanga zake. Nilifikiri neno lake linatosha. Na kweli kwake lilitosha. Lakini sasa mzee ni mgonjwa, hatoki kitandani, na watoto wake wawili wametuma habari kwamba wanarudi kutoka Tanzania mwaka huu na familia zao. Hawakuwepo siku zile nne. Watakuta udongo wa baba yao mweusi, una miti ya watu wengine.

Nimesikia maneno kwenye njia. Kuna wanaosema tukimbilie kwa shefu tupate karatasi kabla hawajafika. Kuna wanaosema tupande upesi miche arobaini iliyobaki, tuzibe pengo, wakifika wakute shamba limejaa. Naomba tusifanye hivyo. Wale watoto ni nani? Ni watu waliokimbia, wakakaa kambini, wanarudi hawajui watalala wapi. Chama hiki kiliundwa kwa ajili yao kama kilivyoundwa kwa ajili yetu. Tukiwapokea kwa karatasi ya ujanja, tutakuwa tumewafanyia yaleyale tunayolia kila mkutano kwamba sisi tulifanyiwa. Mko hapa wamama ambao mlirudi mkakuta shemeji amekalia shamba la marehemu. Ninyi mnajua inavyouma.

Ngoja niseme habari moja ya zamani, halafu nimalizie. Kasongo, jirani yetu, ilikuwa na bustani maarufu sana. Askari wa Dhanis walipoingia mji ule mwezi wa Aprili 1893, daktari Hinde aliyekuwa nao aliandika jinsi alivyokuta machungwa, komamanga, mananasi na ndizi tele. Waswahili na Waarabu waliopita njia hii hii ya Kabambare wakitoka Ujiji ndio waliokuwa wenye bustani hizo. Lakini waliochimba mashimo na kubeba maji walikuwa mateka, watu wa hapa, waliofungwa. Udongo ulizaa, ndiyo. Udongo haumwulizi mtu kama alikuja kwa hiari. Ni sisi tunaopaswa kuuliza. Sitaki bustani yetu isifiwe na wageni kwa matunda yake wakati watu wawili wanaipita kwa uchungu kila siku wakienda kisimani.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ile miche arobaini isipandwe kule mwaka huu. Thelathini tuigawe, kila mwanachama mwenye kiwanja chake mwenyewe apande mmoja au miwili nyumbani. Kumi ibaki kivulini kwenye kitalu, tuimwagilie, iwangoje hao watoto. Wakifika, tusiwaendee na karatasi kwanza. Twende na mboga, tuwasalimie, tukae siku nne nyingine kama inatakiwa. Tuwaambie mstari wa kwanza ni wao. Tuwaulize kama wanataka kuingia kwenye kazi ya Jumatano. Yakishakubalika ndipo yaandikwe, nakala tatu, moja ya ukoo, moja ya chama, moja ya shefu, na majirani wa pande zote nne watie dole gumba. Mipaka itembewe kwa miguu, si kuchorwa mezani. Na wajane waliomo chamani majina yao yaandikwe, si majina ya shemeji zao.

Wakikataa? Nimeulizwa hivyo na komite. Wakikataa, tutavuna tulichopanda cha msimu na tutaondoka. Tutapoteza miti. Mbinu hatutaipoteza, iko mikononi mwa watu kumi na tisa.

Kwa wafadhili wetu, kwa heshima yote. Mwaka jana miche ya msaada ilifika mvua zikiwa zinaisha. Ilipandwa kwa sababu raporti ilitaka ipandwe, na mwezi wa saba mingi ilikuwa kuni. Kama mnataka kusaidia miti, pesa ifike kabla ya Septemba. Hesabuni miti iliyo hai baada ya kiangazi mara mbili, msihesabu iliyoingia shimoni. Kina mama wa Kenya waliofanya kazi na Wangari Maathai tangu mwaka 1977 walilipwa kidogo kwa kila mche ulioishi, na hiyo ilibadilisha namna ya kuutunza. Lipieni pia vitu ambavyo havionekani kwenye foto: safari ya mashahidi, karatasi, siku nne za kuketi. Pompi za kupulizia dawa hatuzihitaji kwa sasa. Bido za maji ishirini na waya wa kuzuia mbuzi, hizo tunazihitaji sana.

Kwa wanachama: mwezi wa sita mpaka wa nane ni zamu ya maji. Bido moja ya lita 20 kwa mti kwa wiki, nusu Jumatano, nusu Jumamosi, jioni, na majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa. Mwaka uliopita zamu ya wiki ya tatu ya mwezi wa saba ilisahaulika, tukapoteza mandarini sita. Majina yatabandikwa mlangoni mwa depo. Jina langu liko wiki ile ya tatu.

Nimemaliza. Mwenyekiti, naomba watu wanyooshe mikono juu ya ile miche arobaini. Na atakayekubali kwenda kumsalimia mzee kesho kutwa asubuhi, anikute hapa mlangoni. Tutamwambia tulichoamua, asikie kutoka kwetu sisi wenyewe.